Kidole cha Nane

Mwalimu Veneranda alikuwa na vidole kumi kama watu wengine, ila viwili alivihesabu kuwa vya anasa. "Dole gumba halina mizani," aliwafundisha wanachama wa chama chake cha washairi, na wote walikariri. Shairi kwake lilikuwa lile la nane kwa nane: kila mshororo una vipande viwili, ukwapi upande wa kushoto na utao upande wa kulia, na kila kipande kina silabi nane, zisizidi wala zisipungue. Ukisoma unakunja vidole, vinne vya mkono wa kushoto, kisha vinne vya mkono wa kulia. Kile kidole kidogo cha kulia kikilala, kipande kimetimia. Kikibaki kimesimama, shairi linarudi kwa mwenyewe likiwa na wino mwekundu. Huko Kilolo walikuwapo wakulima waliorudishiwa mashairi mara nyingi mno, hata wake zao wakadhani wanaandikiana na benki.

Jarida lake liliitwa Nane kwa Nane. Lilitoka mara moja kwa mwaka, na kila mwaka walipatikana watu walionunua wakidhani ni la kilimo, la sikukuu ya Nane Nane, wakafika nyumbani wakakuta halina habari hata moja ya mbolea. Mwalimu hakuwaonea huruma. Mtu aliyetafuta mbolea akapata mashairi, alisema, huyo hajapunjwa.

Mwaka huu lilikuwa toleo la kumi, na lilikuwa na roho ya jarida mkononi. Kwenye mkutano mkuu, Silvester, kijana wa miaka arobaini na mbili (katika chama kile wenye nywele nyeusi wote ni vijana), alisimama akasema karatasi imepitwa na wakati. Jarida lihamie kwenye kundi la WhatsApp, naye atajitolea kulisimamia. Makofi yalikuwa mengi kuliko Mwalimu alivyopenda. Mwenyekiti, Mzee Fanueli wa Kilolo, bwana shamba mstaafu na mtu asiyependa ugomvi kabla ya kula, akakata shauri: toleo la kumi lizinduliwe Iringa, Jumamosi ya kwanza ya Agosti, kama wanachama walivyotangaziwa. Likishindikana, jarida ni la Silvester.

Mwalimu alilijua kundi la Silvester. Kila asubuhi ua waridi, kikombe cha chai kinachofuka moshi, na baraka kwa yeyote atakayesambaza ujumbe kwa watu saba. Alipofikiri kwamba miaka kumi ya kazi yake itafukiwa chini ya maua yale, alikosa usingizi, na si maneno ya kusema tu, alikosa kweli.

Kwa hiyo alilihariri toleo hilo kama mtu anayepembua mchele wa harusi. Beti zenye chuya alizitupa. Wapya aliwapunguza, wakongwe aliwanyoosha. Na ili asije mtu akaharibu mpangilio, mashairi yote aliyapiga kwenye jedwali la safu mbili, ukwapi safu ya kushoto, utao safu ya kulia, yakasimama kama wanajeshi wa gwaride. Juu ya faili akaandika kwa herufi kubwa: MSIGUSE. MSISOME. CHAPENI.

Faili likaenda Mbeya, kwa Taslim.

Hapa lazima tusimame kidogo. Mwalimu alifundisha Mbeya miaka ishirini na mbili kabla ya kustaafu na kurudi kwao Iringa, na muda wote huo alipanga chumba nyuma ya duka la uchapaji la Mzee Himati. Mzee yule hakujua shairi wala utenzi, ila aliamini kwamba kitu kikiandikwa kichapwe. Alikaa kwenye kiti chake mlangoni, chai ya saa nne mkononi, na Veneranda akipita alimwita "binti yangu wa Kihehe". Toleo la kwanza la Nane kwa Nane alilichapa yeye mwenyewe, wino ukimfika kwenye viwiko. Taslim, bintiye wa pekee, alikuwa akikunja kurasa, akimwita Veneranda dada, na udada ule haukuwa wa mdomoni.

Mzee Himati alifariki mwaka juzi. Veneranda alikwenda msibani, akalala siku tatu, akaosha vyombo. Baada ya miezi miwili Taslim, ambaye hakuwahi kuandika shairi maishani mwake, aliandika moja la kumlilia baba yake, akalituma kwa ajili ya toleo la tisa. Na Mwalimu akakunja vidole. Lilikuwa la ubeti mmoja, na wote ulikuwa safi isipokuwa kipande kimoja: "Baba yangu Himati." Saba. Akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mizani saba. Ondoa 'yangu', weka 'Mzee'."

Jibu lilikuwa fupi. "Mzee alikuwa wa kila mtu. Mimi namlilia wangu."

Shairi halikutoka. Toka siku hiyo wanawake wale wawili walinuniana kwa heshima kubwa, na kununiana kwa heshima ndiko kubaya, kwa sababu hakuna wa kuamua. Kazi iliendelea kupitia kwa Esta, katibu wa chama, mwalimu wa chekechea aliyezoea wagomvi. "Esta, mwambie Bi Taslim faili limetumwa." "Dada Esta, mwambie Mwalimu limefika." Na wote watatu walikuwa kwenye kundi moja la simu.

Jumamosi ikafika na ule upepo wa Iringa wa Agosti unaoingia hata ndani ya sweta la pili. Ukumbi ulikuwa wa Wakatoliki, spika za Walutheri, na mchele wa pilau ulitoka Ubaruku, ukiwa umeshachambuliwa tangu jana. Mgeni rasmi, afisa utamaduni, alikuwa amethibitisha kuja saa nne, yaani saa tano na nusu. Saa tatu kamili gari la Taslim likaingia uani, naye akashuka mwenyewe na maboksi, mtandio umefungwa kwa nyuma kama mtu aliyekuja kufanya kazi.

"Kamwene, Mwalimu," alimsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, Bi Taslim. Pole na safari." Na hapo yakaisha.

Mzee Fanueli ndiye aliyefungua boksi la kwanza, maana alikuwa ameambiwa kwamba Obeid wa Kalenga amemtungia shairi la sifa. Akavaa miwani, akatafuta ukurasa wa tisa, akasafisha koo, akasoma kwa sauti mbele ya kamati:

"Mwenyekiti wetu mwizi.
Hana haya hana kazi."

Akasoma mistari mingine kimoyomoyo, midomo ikitembea. Kisha akavua miwani.

"Obeid," alisema taratibu, "si Jumapili tu tulisali benchi moja?"

Obeid, mtu mpole mwenye duka la pembejeo, alikuwa amebadilika rangi. "Geuza, Mzee," alisihi. "Wema wako uko nyuma."

Mzee akageuza. Nyuma ya karatasi ile ile, katikati ya weupe mtupu, palikuwa pameandikwa: "Wa nyoyo za wanachama. Ila kuwatenda wema." Na kadhalika mpaka chini.

Mwalimu Veneranda alinyakua nakala, akaanza kupekua. Jarida zima lilikuwa hivyo, kuanzia jalada mpaka jalada. Mbele ya kila karatasi ukwapi, nyuma utao, kama mume na mke waliolala wamepeana migongo. Nakala mia mbili. Akakaa juu ya boksi.

"Nani," aliuliza, na kwa mara ya kwanza tangu wanuniane swali lake halikupitia kwa Esta, "nani amefanya hivi, Taslim?"

"Dastan. Fundi wetu." Taslim alikuwa naye ameshika nakala, na ilionekana wazi kwamba alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza. "Anachapa ratiba za ibada wiki nzima, Mwalimu. Kinyakyusa mbele, Kiswahili nyuma, ili mtu ageuze asome anachoelewa. Ameona safu mbili, akajua ni lugha mbili."

"Lakini zote ni Kiswahili."

"Yule hasomi anachochapa. Tunachapa na ratiba za mazishi pale. Angekuwa anasoma angelia kutwa. Halafu wewe mwenyewe umeandika juu pale, msisome."

Jibu la hilo Mwalimu alikuwa ameliandika mwenyewe kwa herufi kubwa.

"Na mimi ningekagua," Taslim aliendelea, sauti imeshuka. "Nilipoona 'msiguse' nilikasirika. Nikasema, sawa, kama hataki tuguse, hatugusi. Sikufungua hata ukurasa mmoja. Hilo kosa ni langu, si la Dastan."

Silvester alikuwa ameshapiga picha tatu. "Mimi sitaki kusema kitu," alisema, na wanaoanza hivyo wanajulikana, "ila hii ndiyo maana nilisema simu. Simu haina nyuma."

Mzee Fanueli akatazama saa yake, akatazama upande wa jikoni, akatazama tena ule ukurasa wa tisa. Alisema kwamba kwa hali hii itabidi uzinduzi uahirishwe, na kama ukiahirishwa basi azimio la mkutano linajulikana. Hakulisema kwa furaha, lakini alilisema.

Mwalimu akainuka, akafungua nakala yake ukurasa wa tisa, akaisimamisha karatasi ile mbele ya dirisha. Alitumaini labda mwanga utapenya na maneno ya nyuma yatatokeza. Hayakutokeza. Taslim hachapi kwenye karatasi nyepesi. Alichofanya ni kusoma tu alichokiona, kwa uchungu, kama mtu anayesoma hukumu yake:

"Mwenyekiti wetu mwizi."

Na Taslim, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa karatasi, macho kwenye kile alichokiona yeye, akasoma bila kufikiri:

"Wa nyoyo za wanachama."

"Hana haya hana kazi."

"Ila kuwatenda wema."

Mzee Fanueli akavaa miwani tena. "Ehee," alisema. "Sasa huyo ndiye mimi."

Mwalimu alikwishaona njia. Jarida halikuharibika, ila halisomeki na mtu mmoja. Wasimame wawili uso kwa uso, karatasi katikati, huyu asome mbele, yule nyuma. Akamwomba Mwenyekiti nusu saa, na Mwenyekiti, ambaye sasa alitaka sana beti zilizobaki zisikike, akampa.

Lakini asome na nani? Taslim alimpita kwa macho kama mtu anayepita duka alilokuwa na ugomvi nalo. Akamwita Obeid. Obeid alisoma kama anatoa matangazo ya kanisani, kila utao ukaishia na pumzi ya kuomba sadaka. Akamwita Esta. Esta kila alipoinua macho juu ya karatasi na kukutana na macho ya Mwalimu umbali wa shubiri moja, alicheka, akaomba radhi, akacheka. Mwalimu akajaribu hata Silvester, tena kwa nia njema. Silvester alichelewa kila kipande kwa kuwa alikuwa anajibu ujumbe.

Taslim alikuwa nje kwenye ngazi, amejikunyata kwenye mtandio, anatazama upepo ukivuruga vumbi. Mwalimu alikwenda akasimama karibu yake. Alitafuta namna ya kuanza, akakosa, akaanza hivyo hivyo.

"Wewe ndiye unayeijua pumzi yangu."

"Miaka ishirini umesoma mashairi nyuma ya ukuta wetu," Taslim alijibu. "Nitakosaje kuijua." Akaukaza mtandio. "Nitasoma na wewe, Mwalimu. Lakini tukimaliza ya jarida, tutasoma na la baba. Mimi na wewe. Kama nilivyoliandika."

"Na lile neno?"

"Bila 'Mzee'."

Mwalimu alivitazama vidole vyake. "Watahesabu, Taslim. Ukumbi mzima watahesabu."

"Umewafundisha wewe."

Gari la mgeni rasmi likasikika likipiga honi getini. Mwalimu alikubali kwa kichwa, kwa kuwa maji yalikuwa shingoni, na moyoni akajiambia kwamba ahadi ya kwenye ngazi si lazima ifike jukwaani. Tusimlaumu. Mtu aliyesimamia sheria moja maisha yake yote, hata akiivunja ndotoni huamka na jasho.

Uzinduzi ulianza vibaya. Mkasi wa kukatia utepe ulikuwa wa chekechea ya Esta, haukati, na mgeni rasmi akaishia kulifungua fundo la utepe kwa meno. Lakini wanawake wale wawili waliposimama uso kwa uso na jarida limefunguliwa katikati yao, kila mmoja akionekana paji la uso tu na macho, ukumbi ukatulia. Mwalimu akatupa ukwapi, Taslim akaudaka na utao. Polepole kwanza, kisha wakachanganya. Vidole sitini na kitu vya watu wa safu ya mbele vikaanza kulala na kuamka, kulala na kuamka. Walipofika ukurasa wa tisa na Mwalimu akasema "Mwenyekiti wetu mwizi", mtu mmoja wa Ubaruku akajibu "kumbe", na Mzee Fanueli akainua mkono kumtuliza, akisema, subiri, bwana, subiri ya nyuma.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kusikiliza tu. Nakala ziligawiwa na watu wakageuza viti wakatazamana. Mzee Fanueli alisoma sifa zake na mkewe, mmoja wa wale waliodhani wino mwekundu unatoka benki, na waliowafahamu walisema katika miaka thelathini na nne ya ndoa yao ilikuwa mara ya kwanza mmoja kumalizia maneno ya mwenzake bila kukatazwa. Mgeni rasmi, aliyeoanishwa na mpishi, alisema amezindua vitabu vingi, lakini kitabu kisichosomeka bila jirani hajapata kukiona, na akapongeza ubunifu wa kamati. Kamati ikapokea pongezi bila kutazamana. Silvester alijaribu kutuma picha za shairi moja kwenye kundi, mbele kwanza kisha nyuma, katikati yake yakaingia maua matatu ya watu wengine. Akaweka simu mfukoni, akaenda kutafuta wa kusoma naye.

Mwenyekiti akasimama akatangaza kwamba jarida litabaki karatasi. Makofi, vigelegele. Harufu ya pilau ilikuwa imeshafika mpaka jukwaani.

Ilikuwa imekwisha. Mwalimu alikuwa ameshinda, na hakuna aliyejua habari ya lile shairi la baba ila watu wawili. Angeweza kushuka. Akamtazama Taslim. Taslim hakumkumbusha. Alikuwa amesimama pale pale, mikono mitupu, na uso wa mtu aliyekwisha kujitayarisha kurudi Mbeya bila kitu.

Ndipo Mwalimu akaona aibu. Si ya ukumbini. Alikiona kile kiti cha Mzee Himati mlangoni, akaisikia ile sauti ikimwita binti.

"Kuna moja halimo jaridani," alisema kwenye kipaza sauti cha Walutheri. "Haya, mdogo wangu."

Hawakuwa na karatasi, kwa hiyo hapakuwa na kitu katikati yao. Mwalimu hakuihitaji. Kwa jinsi alivyolihesabu shairi lile, alikuwa amelihifadhi lote.

"Kimebaki kile kiti," alisema.

"Mlangoni peke yake," akasema Taslim.

Vidole vikalala, vikaamka. Wanachama hawakuweza kujizuia, ndivyo walivyofundishwa.

"Siisikii sauti."

"Mashine nayo ni pweke."

"Chai yake ya wakati."

"Sijui wapi niweke."

Mwalimu akavuta pumzi. Neno "Mzee" lilikuwa tayari ulimini, limekaa vizuri, limetimia, na hakuna mtu ukumbini ambaye angejua tofauti isipokuwa mmoja.

"Baba yangu Himati," alisema.

Saba. Ukumbi mzima, wa Kilolo, wa Kalenga, wa Ubaruku, vidole vidogo vya kulia vilikuwa vimesimama. Obeid alikitazama chake, akamtazama Mwalimu, akakitazama tena. Mzee Fanueli alikuwa amefumba macho na cha kwake kiko juu. Hakuna aliyekikunja. Nafasi ya silabi moja ikapita kimya, na sauti ya Mwalimu, ambayo haikuwahi kukatika mbele ya darasa, ilikuwa imekatika.

"Lala, kazi tuishike," Taslim akamalizia, akiwa analia waziwazi, na hiyo hakuna aliyekumbuka kuihesabu.

Mwalimu Veneranda aliutazama mkono wake wa kulia. Kidole kidogo kilikuwa bado kimesimama, naye akakiacha.